El Camino ya Bi Savita

Mmeniomba niandike kuhusu kazi ya viti vya magari, nami nimeona niandike kwa Kiswahili. Najua nyinyi wawili mliobaki karakana mnanielewa kisha mnanijibu kwa Kiingereza, basi someni kimya kimya, hakuna atakayewauliza maswali. Sitaeleza nilivyopanda cheo. Katika karakana ya watu watatu, cheo ni nani anashika ufunguo. Nitaeleza nilivyoingia, aliyenifundisha, na gari moja ambalo sijaona jingine la kulishinda.

Nilitoka Unguja kumfuata mume wangu, aliyekuwa akisoma uhasibu, tukakaa chumba kimoja Kingsbury juu ya duka la viatu. Nikapata kazi ya kushona bitana za makoti kiwandani, na kiwanda kikafungwa kabla sijazoea baridi yake. Siku moja mume wangu aliona kikaratasi kwenye dirisha la duka la magazeti: anatafutwa mshonaji. Nilidhani ni mapazia. Nikavaa koti langu zuri nikaenda, nikafika kwenye uwanja nyuma ya maduka ya Kingsbury Road, nikakuta magari yasiyo na milango na mtu mrefu mwenye kilemba, vumbi jeupe limemjaa hadi kwenye ndevu. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha skuli kwamba nimekuja kwa kazi ya kushona. Akanisikiliza, akainamisha kichwa upande mmoja, akaniuliza kwa Kiswahili:

"Wewe natoka wapi?"

"Unguja."

"Mimi Kisumu. Ingia, baridi naua watu."

Huyo ndiye Fundi Kirpal. Alikuwa Singasinga aliyezaliwa Kisumu, fundi wa kunyoosha bodi za magari tangu hajaota ndevu, na alihamia London wakati ule Wahindi wengi wa Kenya walipoondoka kwa haraka, kila mtu na pasi yake ya Kiingereza mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha karakana za Kisumu. Mimi nimelelewa mahali ambapo mtoto anasahihishwa kabla hajaitikiwa salamu, na wiki za mwanzo kumsikiliza ilikuwa kama kula wali wenye changarawe. Baada ya mwezi nikaacha kuhesabu. Baada ya mwaka nikajishika mwenyewe nikisema "kiti hii" nyumbani, mume wangu akaweka kijiko chini.

Siku ile ya kwanza alinipa vipande vitatu vya vinili, akaniambia nivishone pamoja. Nilitoa sindano yangu kwenye mkoba. Ikavunjika. Nikatoa ya pili.

"Mama, hii si gauni," akasema. "Gauni navaliwa mara moja kwa wiki. Kiti nakaliwa na mtu mzito kila siku, iko na funguo mfukoni."

Akanionyesha mashine ya ngozi, kubwa na nyeusi, yenye sauti ya punda anayekohoa. Akanionyesha koleo la kubania pete za waya zinazoshika kitambaa kwenye springi, na nyundo ndogo yenye sumaku kichwani ili misumari ijishike yenyewe. Mafundi wa zamani waliweka misumari mdomoni. Fundi alimjua mmoja aliyemeza mitatu kwa chafya moja, akaishi, ila hakupenda tena kupiga chafya.

Alinifundisha kwamba kabla ya kufungua kiti ukikalie kwanza, ujue mwenyewe anaegemea wapi. Kila kipande unachokitoa kiandike kwa chaki, kushoto au kulia, juu au chini, maana ukishavitandika mezani vyote vinafanana. Na kitambaa cha zamani usikitupe hadi mteja awe ameondoka na gari na amepita taa za barabarani. Haya mliyasikia kwangu mara nyingi mkayaona ni maringo ya kizee. Mimi niliyapata kwake.

Sasa, Fundi alikuwa na gari moja moyoni, na halikuwa lake. Lilikuwa la Mmarekani mmoja mchimba visima aliyeleta pikapu yake kwa meli, akafika nayo Kisumu ikiwa na digadi, bati la juu ya gurudumu, lililobonyea. Ilikuwa kazi ya siku moja. Fundi alikaa nayo siku nne.

"Siku moja kazi," aliniambia. "Siku tatu naangalia."

Gari hilo lilikuwa El Camino. Mbele lilikuwa gari la kifahari, lenye kiti kimoja kirefu kama benchi, na nyuma ya kiti paa likaishia, pakabaki sehemu ya mizigo ya wazi, lakini mistari ya bodi ikateremka kutoka mbele hadi nyuma bila kukatika, kama kanzu iliyoshonwa na mtu mmoja. Historia yake niliipata kikombe kwa kikombe, saa ya chai. Alisema wazo halikuanzia Marekani bali Australia, miaka ya thelathini, na kwamba inasimuliwa mke wa mkulima aliandikia kampuni ya magari barua akitaka gari moja la kuwapeleka kanisani Jumapili na kupeleka nguruwe sokoni Jumatatu. Nilimwambia nguruwe hawanihusu, lakini mama huyo alijua anachotaka. Wamarekani wakafuata baadaye. Kampuni moja ilitangulia mwaka 1957, na mshindani wake akajibu mwaka 1959 kwa El Camino, jina la Kispania, maana yake njia. Ile ya kwanza ilikuwa kubwa, nyuma imetandaza mabawa. "Utasema naruka," Fundi alisema. Ilitengenezwa miaka miwili ikaachwa. Mwaka 1964 ikarudi ikiwa ndogo na nadhifu zaidi, na hiyo ndiyo aliyoipenda. Iliendelea kubadilishwa sura na kutengenezwa hadi miaka ya themanini.

Alichokistahi hasa ni mambo mawili. La kwanza, chini yake ilipita chesisi nzima, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, kwa hiyo kukosa paa nyuma hakukuidhoofisha. "Gari nyingine nasimama kwa ngozi," alisema. "Hii iko na mifupa." La pili lilikuwa siri. Walioitengeneza walichukua sakafu ya gari la familia, lile lenye paa refu hadi nyuma, wakaweka sakafu ya mizigo juu yake. Basi ukiondoa kiti ukafungua kifuniko kilichoko nyuma yake, unakuta chini kumebaki mashimo ya kuwekea miguu abiria wa nyuma ambao hawakuwahi kuwepo.

"Mahali ya miguu iko," alisema. "Watu hapana."

Nilikuwa na miaka saba kazini Bwana Jayant alipoingia uwanjani na El Camino ya buluu. Fundi alitoka kuitazama na kikombe mkononi, na chai ikapoa humo humo mkononi.

Bwana Jayant na mkewe, Bi Savita, aliyekaa kando yake garini, walitoka Jinja. Walifukuzwa Uganda pamoja na Wahindi wenzao, wakashuka uwanja wa ndege wa London na nguo za jua. Sasa walikuwa na duka la viungo karibu na stesheni ya Rayners Lane, na Bi Savita alipika chakula cha harusi. Alipika kwenye kumbi za Harrow na hadi Leicester, kwa sufuria ambazo ungeweza kumwogeshea mtoto ndani. Jayant alikuwa amemnunulia gari hilo kwa siri, kutoka kwa mchuuzi mmoja upande wa pili wa jiji aliyemwambia lilikuwa la mwanajeshi wa Kimarekani. Siku za kazi lingebeba sufuria, na Jumapili lingewapeleka hekaluni. Kiti kilikuwa kimechanika vibaya, wakataka kipya kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi kulikuwa na harusi Leicester.

Nilimwuliza Bi Savita rangi.

"Nyekundu," akasema. "Lakini ya pilipili, dada. Si ya matofali."

Jumatano nilifungua kiti. Miaka saba nilikuwa nasikia habari ya yale mashimo ya miguu, kwa hiyo sikungoja hata kuita mtu. Niliondoa skrubu za kifuniko cha nyuma, nikachukua tochi, nikaingiza mkono. Hakukuwa na shimo. Kulikuwa na bati tambarare lililochomelewa ovyo, na juu yake puti ya kuzibia matundu, nene kama mkate wa kumimina. Nilipoikwangua, chini ya rangi ya buluu ikatokea rangi ya kijani. Gari hilo lilikuwa saluni ya kawaida, gari la abiria la kampuni ile ile. Kuna mtu alilikata paa na kulivika mgongo wa El Camino.

Nikamwita Fundi. Alilala chini ya gari na nyundo yake ndogo, nikawa namsikia akigonga. Chuma kizima kinaitika. Hiki hakikuitika. Mifupa yenyewe, ile chesisi aliyokuwa akiisifu, upande wa nyuma ilikuwa imeoza, ikafungwa bati jembamba na kupakwa lami ili ionekane nzima. Alipotoka chini alikaa juu ya robota la vinili nyekundu, mahali ambapo alikuwa amekataza mtu yeyote asikae.

"Fundi, umeumia?"

"Mimi pia nakata gari," akasema. "Kisumu."

Nilikaa naye. Alikuwa na rafiki, mwenye duka aitwaye Owuor, aliyetaka pikapu na hakuwa na njia ya kuipata. Fundi akachukua saluni ndogo ya Kiingereza, isiyo na chesisi, inayoshikwa na bodi peke yake, akaikata paa nyuma ya kiti cha dereva, akaitengenezea sehemu ya mizigo. Ikapendeza. Watu wakaja kuitazama. Miezi michache baadaye, kwenye barabara ya Kakamega, ikiwa imejaa magunia ya sukari, gari likapinda katikati kwenye shimo, mlango ukafunguka, mke wa Owuor akaanguka nje. Alipona, lakini nyonga yake haikunyooka tena.

"Owuor nasema nini?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye ninayejua. "Nasema, bahati mbaya, Kirpal. Kisha naleta kuku kwangu. Kuku! Afadhali angenipiga."

Tangu siku ile hakukata gari tena. Kila nilipomsikia akiisifu El Camino, nilikuwa nadhani ni mtu anayependa magari tu.

Alhamisi wakaja Jayant na Savita. Fundi akawaeleza. Jayant alisikiliza, shingo ikaanza kumvimba.

"Mimi naleta gari kwa kiti," akasema. "Chini sikuomba uangalie."

"Nimeona sasa. Siwezi kutoona."

"Jumamosi watu mia tatu nangoja chakula Leicester! Gari yangu, au yako?"

"Yako."

"Basi toa ufunguo."

Nilimjua Fundi kuwa mbishi. Aliwahi kubishana na mkaguzi wa magari hadi mkaguzi akaketi. Siku ile alitazama chini, mkono ukaingia mfukoni, na nikaelewa kwamba anajiona hana haki ya kumwambia mtu mwingine chochote. Ufunguo ukatoka. Hapo nikasema mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa sindano.

"Bwana Jayant, ufunguo utapewa. Lakini kiti cha gari hili sitashona."

"Nani amekuuliza wewe?"

"Hakuna. Bi Savita, hebu njoo."

Nilimpeleka nyuma ya mahali kiti kilipokuwa, nikampa bisibisi, nikamwonyesha pa kuchoma. Alisukuma kidogo tu, kama mtu anayeangalia keki kama imeiva. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Alipoichomoa, tukaona sakafu ya karakana kupitia tundu.

"Sufuria zitakaa hapa," nilimwambia. "Na wewe utakaa hapa, mbele yake. Barabara yenyewe ni ile kubwa ya malori."

Bi Savita alimwambia mumewe neno fupi kwa Kigujarati. Akajibiwa kwa maneno mengi. Akarudisha fupi zaidi. Kisha akatugeukia akasema kwa Kiswahili, ili nasi tuwe mashahidi:

"Sufuria zangu nimeshaziacha Jinja mara moja, nikapata nyingine. Mimi sina nyingine."

Jayant akakaa kwenye ndoo ya rangi. Hasira ilikuwa imemtoka, imebaki aibu, na aibu ya mume aliyenunua zawadi ni nzito kuibeba mbele ya watu. "Nilitaka afike kama mwenye harusi," akasema. "Kila siku nafika kama mpishi."

"Nafika mzima," Savita akamjibu, "hiyo inatosha."

Walikwenda Leicester kwa gari la kuazima lililokuwa likibeba samaki. Bi Savita alituambia alichoma udi njia nzima, na wageni wakasifu harufu ya pilau. Yule mchuuzi, Jayant alipomrudia, alikuwa ameshahama na hakuna jirani aliyemjua.

Hapo ndipo nilipomwona Fundi akifanya kazi ambayo hadi leo naistahi kuliko zote. Alipiga simu kwa kila mwenye uwanja wa vyuma chakavu aliyemjua na asiyemjua. Mwishowe alipata El Camino huko Suffolk, karibu na kambi ya ndege ya Wamarekani. Mti ulikuwa umeangukia pua yake, lakini kuanzia mlangoni hadi mkiani ilikuwa kavu na nzima. Akaileta kwa lori. Majira yote ya baridi alikuwa akihamisha pua ya gari la Jayant, yaani bonneti, madigadi na taa, kwenda kwenye mwili wa ile nyingine. Bolti kwa bolti. Kila bolti aliisafisha kwa brashi ya waya, akaipaka grisi, akaijaribu kwa mkono kabla ya spana. Hakukata hata upana wa ukucha. Nilipomwuliza kwa nini asichomelee tu mahali pamoja palipokaidi, akanitazama kana kwamba nimemtukania mama.

Na siku moja nikafungua kifuniko cha nyuma ya kiti, nikaingiza tochi, nikayaona. Mashimo mawili ya miguu, moja kushoto, moja kulia, safi, na vumbi la miaka kumi na tano na skrubu mbili zilizosahauliwa kiwandani. Nikampigia kelele. Akaja, akapiga magoti, akachungulia kwa muda mrefu.

"Si nilikuambia," akasema, akarudi kazini.

Kiti nilikishona kwa siku tisa. Rangi ya pilipili, mishono miwili sambamba, na upande wa dereva nikauinua kidogo kwa sponji ngumu, maana Bi Savita alikuwa mfupi na Jayant hakupewa tena nafasi ya kuendesha. Aliondoka nayo mwenyewe, mumewe kando, sufuria mbili tupu nyuma kwa majaribio. Bodi ilikuwa na mng'ao hata muuza maua wa ng'ambo akatoka dukani kuitazama. Gari hilo lilibeba pilau na biriani miaka mingi, nami sikuwahi kuona mshono wangu umefumuka.

Lakini Fundi alibaki amesimama uwanjani. Kesho yake akanijia mezani, akavua miwani.

"Mama, wewe naandika Kiswahili safi. Andikia mimi barua."

Ilikuwa ya kwenda kwa mke wa Owuor, Mama Akinyi. Fundi alitaka kuanza na maelezo ya chuma, jinsi bodi isiyo na chesisi inavyobeba uzito. Nilimwambia mambo ya chuma yakae mwisho. Aanze kwa kuomba radhi. Akasema basi niandike hivyo, na niandike kwamba anaandika akiwa amechelewa sana.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita, kwa mwandiko wa mjukuu anayesoma shule. Nilimsomea karibu na mashine. Mama Akinyi aliandika kwamba nyonga inauma mvua ikikaribia, na Kisumu mvua haikai mbali. Kwa ajili ya gari hakumlaani, maana ni Owuor mwenyewe aliyepakia magunia kupita kiasi. "Nilikasirika kwa sababu ulihamia Ulaya bila kuja kuniaga," aliandika. "Kutoka karakana yako hadi mlangoni kwangu ni hatua ngapi, Kirpal?"

Fundi aliomba nirudie sentensi hiyo. Nikairudia. Alikwenda kunawa mikono, ingawa haikuwa michafu.

Nikaandika barua ya pili, safari hii nikaongeza maswali yangu mwenyewe: nyonga ipi, kiti chake kina kimo gani, akikaa mguu anauweka wapi. Mjukuu akajibu kila kitu, na vipimo kwa rula ya shule. Ile vinili nyekundu ilikuwa imebaki kipande. Nikashona mto, upande wa kushoto mnene, wa kulia mwembamba, na mbele nikauteremsha ili mguu usibanwe. Springi hauna, lakini niliihangaikia kazi ile kuliko kiti chochote nilichowahi kukishona.

Fundi akafunga kunyoosha bodi kwa wiki tatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipofiwa na kaka yake. Akaniachia ufunguo. Alipanda ndege ya kwenda Kenya na mto ule mapajani, kwa sababu alikataa kuuweka na mizigo.

Aliporudi alikuwa amepungua na ameungua na jua. Sikumwuliza walisemezana nini, naye hakusema. Aliweka kikombe chake mezani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema hii si yake, ni ya fundi wa mto. Ilikuwa ya mistari miwili. Mama Akinyi aliandika kwamba rangi niliyochagua ni ya makelele na padri ameitazama vibaya, lakini Jumapili ile, kwa mara ya kwanza tangu aanguke, alikaa misa nzima bila nyonga kumlazimisha kusimama.